Gari Lililokunywa Ziwa

Mwanangu aliingia uani amelikumbatia pande lile la bati kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, nikadhani ni mgongo wa friji. Lilikuwa la aluminiamu, jeupe, lenye mistari midogo midogo kama meno ya kitana, na huku na huku lina midomo miwili mipana ya kuvalishia mipira. Akaliweka juu ya meza ninayokatia mboga, akalifuta vumbi kwa kanga yangu.

"Mama, hii ndiyo intakula."

"Ya nini?"

"Ya kupoza hewa."

"Hewa ya nani?"

Akacheka. Ulikuwa umepita muda mrefu sijamsikia akicheka, kwa hiyo kanga sikuijali.

Ilikuwa Jumatano. Jumamosi yake tulikuwa tunatakiwa ng'ambo, Sengerema, kwa wakwe zake, kwenye kikao cha kumrudisha mke wake na wajukuu zangu wawili. Baba wa binti alikuwa ametuma neno: saa sita mchana mume aje mwenyewe, aje na mtu wake mzima, aseme mbele ya wazee kwamba anamtaka mke wake. Mara ya kwanza walimwita hakwenda. Hii ilikuwa ya mwisho. Asipoonekana, watahesabu kwamba amemwacha, na ng'ombe wa mahari watazungumziwa kurudi. Baba yake mwanangu ni marehemu, na baba mdogo aliyebaki ni mgonjwa hawezi kuvuka maji, ndipo wakakubali nimsindikize mimi.

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina likishaniingia halitoki. Nakumbuka hata jina la ng'ombe aliyetangulia siku tunapeleka mahari, jike jeusi lenye baka kwenye nyonga. Siandiki hata moja. Watu hawa bado wanapanda kivuko kile kile ninachopanda mimi.

Gari lenyewe ni dogo, la buluu, na lina tabo. Tabo, alivyonieleza, ni feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe, inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Hapo nilimwelewa. Babu yangu alikuwa mfua majembe, na nikiwa mdogo nimevuta mivukuto yake mpaka mikono ikavimba. Moto wa mkaa usiopulizwa hauivishi chuma. Shida, akasema, hewa ikisukumwa namna ile inapata joto, na hewa ya moto haina nguvu. Intakula inaipoza kabla haijaingia. Gari lilikuja na ya kwake ndogo, imekaa juu ya injini kwenye joto lile lile, imeziba mafuta. Sasa hii kubwa itakaa mbele, chini ya bampa, ipigwe na upepo.

"Halafu itapanda," akasema.

Sikumwuliza itapanda wapi. Nilipajua.

Kuna kilima kule ukweni, ukishashuka kivuko cha Kamanga na kwenda mbele kidogo, njia ya vumbi imebanwa na mashamba ya mihogo. Siku ya msiba wa shangazi yake mkewe, mwanangu alimpakia mama mkwe wake, na wamama wengine wawili, na mchele wa msiba kwenye buti. Katikati ya kilima gari likaishiwa pumzi. Likalia, likatoa moshi, likaanza kurudi nyuma. Wakashuka wote. Sasa, kwetu sisi mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja. Akimwona anakuja njiani anampisha kichakani. Na mama yule, na gauni lake la msiba, akaweka mikono miwili kwenye buti akalisukuma gari, na mkwe wake amekaa ndani ameshika usukani. Watoto wa kijiji kile wakaufanya mchezo. Mmoja anakaa kwenye ndoo, mwingine anasukuma kwa nyuma, na ndoo inaimba, "Mama mkwe, ongeza moto!"

Tangu siku ile mwanangu hakukaa tena nyumbani. Akitoka kazini anapitiliza gereji. Leo plagi, kesho mipira, keshokutwa amelishusha chini lote. Mkewe alivumilia sana, mimi ni shahidi, tunaishi ua mmoja hapa Mabatini. Siku mjukuu wangu mdogo alipopata degedege, gari lilikuwa juu ya mawe halina matairi. Akambeba mgongoni kwa bodaboda mpaka hospitali, peke yake. Mtoto alipona, tunashukuru. Lakini alipotoka wodini hakupita nyumbani hata kuchukua sufuria. Alipanda kivuko.

Kwa hiyo nilimwambia mwanangu palepale, na intakula imelala juu ya meza yangu: "Baba, twende kwa miguu. Tuvuke, ng'ambo tupande pikipiki. Wanakutaka wewe, hawalitaki gari."

"Mama, nikifika kwa miguu watasema hata lile la kusukuma hana."

"Waseme."

"Nikishuka mbele ya mlango wao limepanda lenyewe, sina haja ya kusema mengi."

Alikuwa hajui kusema, mwanangu. Tangu utoto. Alilitegemea lile gari limsemee.

Alhamisi na Ijumaa mwanangu na fundi wake walikuwa kwenye gereji moja nyuma ya stendi ya Buzuruga. Nilimpelekea chakula kwa sababu alikuwa hali. Nilimkuta fundi amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo bibi," ikasema miguu.

"Marahaba. Mnalichinja au mnalitengeneza?"

"Yote mawili, bibi."

Na kweli walikuwa wamelichinja. Bampa lilikuwa chini, wameukata ubavu wake wa ndani kwa msumeno ili intakula ipate pa kukaa. Mabomba mapya mawili, manene kama mkono wangu, yamepita huku na huku mpaka kwenye tabo. Boksi lililokuwa linakaa filta ya hewa walilitupa pembeni, kwa sababu bomba moja lilipita mahali pake. Filta mpya ilikuwa nyekundu, imechongoka kama kofia ya mtoto mchanga, haina boksi lolote, iko uchi. Wakaitafutia mahali. Wakaishusha chini kabisa, nyuma ya bampa, karibu na taa ya ukungu.

Jamaa mmoja aliyekuwa akisubiri gari lake alisimama anakula muwa, haishiwi maneno.

"Kaka, unamfuata mke au unaenda mashindano?"

"Vyote," akasema mwanangu.

"Na mke atakaa wapi? Humu kumejaa mabomba."

"Atakaa mbele na mimi."

"Ukifika hapo mlangoni lipulize kwanza, akisikia tu anatoka mwenyewe!"

Wakacheka, na mwanangu akacheka nao. Fundi akatoka chini akajifuta mikono, akamwonyesha filta ilipo. "Hapa inavuta hewa ya baridi ya nje, haivuti joto la injini. Ila mvua ikinyesha, kaka, madimbwi yakwepe. Barabara ikijaa maji, usipite."

"Nimeelewa."

Na mimi nililisikia neno lile. Wote tuliangalia juu. Anga lilikuwa kavu, halina hata wingu la kudanganyia.

Ijumaa jioni akaja kunichukua tulijaribu. Tukapanda kilima cha Isamilo. Alipokanyaga nikasikia filimbi nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa kupitishia kwenye meno, halafu mgongo wangu ukashika kiti. Gari lilipanda, tena likiwa na hamu. Mwanangu akanigeukia, meno yote nje. "Umeona? Umeona, mama?" Nikamwambia nimeona, angalia mbele. Na moyoni nikasema, basi huenda. Huenda likifika pale juu kweli wakacheka kicheko kingine, na mambo yakaishia hapo. Usiku ule nililitandika godoro la watoto.

Wakati wa kurudi tulipita kando ya ziwa. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamenyanyuka juu ya maji, nguzo nyeusi kama moshi wa tanuri, na upepo ukazilaza nguzo zote barabarani. Tukapita katikati tumefunga vioo.

Asubuhi ya Jumamosi mimi nilikuwa tayari mapema. Nilikuwa na kapu langu: kitenge cha mama mkwe, sato wa kukaanga, na gauni la mjukuu wangu mkubwa, ambaye ni wajina wangu. Mwanangu alikuwa amechuchumaa mbele ya gari. Wadudu walikuwa wameziba meno yote ya intakula, wamegandamana na vumbi kama uji ulioungua chini ya sufuria.

"Hewa haipiti kabisa," akasema.

"Ndoo ile pale."

"Ndoo haiwatoi hawa, mama. Hawa wanataka maji mengi. Tunapitia ufukweni, tunatoka pale tunaenda kivukoni moja kwa moja. Na gari lote linang'aa."

Muda tulikuwa nao. Tukaenda.

Pahali penyewe sipataji kwa sababu pamekatazwa. Lakini kila mtu wa Mwanza anajua tunavyoosha magari. Unaliingiza ziwani taratibu mpaka maji yafunike nusu ya tairi, unafungua milango, redio inaimba, unachota hapo hapo unamwaga hapo hapo. Wenye kukataza wakija watu wanaondoka, wakiondoka watu wanarudi. Mwanangu alikuwa ameliosha gari pale tangu alipolipata. Jiwe la kusimamia alilijua, kina alikijua. Akanishusha na kapu langu nikakaa juu ya jabali, akaingia.

Alisimama kwenye jiwe lake la siku zote. Akachungulia. Maji yalikuwa hayajaifikia intakula vizuri. Nikamwona anarudi kwenye usukani, injini inanguruma, anasogea mbele kidogo. Tena kidogo. Sikumkataza, kwa kuwa sikuona cha kumkataza. Hata nikifikiri leo, ni vigumu kumweleza mtu wa mbali. Dimbwi la barabarani tunaliogopa. Ziwa hatuliogopi namna hiyo. Kwenye kuosha gari, ziwa ni beseni.

Hapakuwa na mlipuko. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, halafu nikasikia kitu kimoja tu kikikatika, kama mfupa wa kuku mtu anapouvunja apate kunyonya. Ikabaki redio peke yake inaimba.

Akapiga stata. Ikasema tik, ikakwama. Akapiga tena.

"Usiwashe, kaka!" akapiga kelele kijana mmoja aliyekuwa akiosha pikipiki. "Imekunywa hiyo!"

"Imekunywa ziwa zima!"

"Itundikieni dripu!"

Walikuwa wanacheka, siwalaumu, walikuwa hawajui. Mwanangu alishuka maji yakamfika magotini, na suruali yake ya ukweni niliyoipiga pasi. Akainama, akaingiza mkono chini ya bampa, akavuta mpaka akaitoa ile filta nyekundu. Maji yakachuruzika kutoka ndani yake, yanachuruzika tu, hayaishi. Akaishika juu kama anataka kunionyesha.

"Mama, tuliishusha chini," akasema. Basi. Hakusema lingine.

Kivuko kikapiga honi upande wa pili wa mawe. Kilikuwa kinaita watu wa safari yetu.

Nikashuka kwenye jabali nikaingia majini na viatu vyangu. "Baba, twende. Liache."

"Nikiliacha litaingia mchanga."

"Liingie! Pikipiki zipo hapo, tutawahi. Saa sita bado."

"Nije hivi?" Akajishika suruali. "Nimelowa, nanuka petroli, nije na bodaboda, nimsalimie baba mkwe? Na wale watoto na ndoo yao?"

"Uje hivyo hivyo. Ulowe. Mkeo anakutaka hata umelowa."

Akaangalia gari. Akaniangalia mimi. Mtoto unayemzaa unamjua anapokuwa ameshakwenda hata kabla hajanyanyua mguu. Akasema, "Tangulia. Namwita fundi aje na kamba, tukilitoa tu nachukua kivuko kinachofuata. Waambie nakuja."

"Unakuja?"

"Nakuja, mama. Naapa."

Nikavuka peke yangu, viatu vinalia maji.

Ng'ambo nilipanda pikipiki mpaka kilima kile, na pikipiki ikakipanda kama hakuna kitu. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye viti uani. Niliwasalimia nikawaambia mwenzenu ana tatizo la gari, anakuja na kivuko cha nyuma. Baba mkwe, mzee mpole, akasema haya, tutamsubiri, jua bado. Nikapita kwenda jikoni moja kwa moja kama siku zote. Mama mkwe akanisogezea kigoda changu kile kifupi, akanipa kisu na mhogo, tukamenya pamoja. Na mkwe wangu alikuwa pale, anapuliza moto. Alikuwa amesuka. Nje ya mlango wa chumba chake nikaona begi limefungwa zipu, na juu ya begi mfuko wa nguo za watoto. Wajukuu walikuwa wamevaa viatu na soksi kabisa, wanakatazwa kucheza kwenye vumbi.

"Mama," akaniambia mkwe wangu polepole, hanitazami, "atakuja kweli?"

"Ameapa."

"Mimi simtaki na gari. Mwambie. Mimi nilishafunga."

Nililia ndani ya mhogo ule.

Saa sita ikafika, ikapita. Kivuko cha nyuma kikafika, tuliwaona watu wake wakipita njiani, hayumo. Baba mkwe akaniita uani. "Mama, tumpigie tujue. Labda kapatwa na jambo."

Simu yangu huwa naiweka sauti ya nje siku zote kwa sababu ya masikio. Mkwe wangu ndiye aliyempigia, akaishika mbele yangu, wazee wamekaa wanasikiliza. Ikaita sana. Akapokea. Na kabla sijasema lolote, akasema yeye, anahema, sauti ina furaha kabisa:

"Mama! Wamepata kamba! Wanalivuta sasa hivi, linatoka, linatoka!"

Nyuma yake watu wanapiga kelele, haya, moja, mbili, vuta.

Mkwe wangu alibonyeza simu ikazima, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, akaingia ndani. Nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa. Wajina wangu alisimama anaangalia mlango aliopita mama yake, halafu akakaa chini kwenye vumbi alilokatazwa, akaanza kuvua viatu mwenyewe.

"Basi, wazee," akasema baba mkwe. "Tumesikia." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Mimi nikanyanyuka nirudi jikoni, mhogo wangu ulikuwa nusu. Mama mkwe akanikuta mlangoni. "Aa, mama, kaa hapo hapo kwenye kiti, usichoke." Akanirudisha kwa mkono. Kitambo kidogo akatoka na sinia, amelitandika kitambaa, juu yake soda na glasi iliyofunikwa. Akapiga goti akaniwekea, kama anavyowekewa mtu aliyekuja kuuliza njia.

Nikainywa. Ukiwekewa unakunywa.

Niliporudi jua lilikuwa limelala kwenye maji. Gari walikuwa wamelifikisha ufukweni, limekaa upande mmoja, milango wazi. Fundi ameshafungua plagi, kila tundu linatema maji. Mwanangu alikuja mbio kunipokea kapu. Akaanza kunieleza habari za koneti rodi, chuma kinachoshika pistoni, kwamba imepinda, labda moja tu, labda pistoni hazijaguswa, kwamba filta wangeiweka juu wangeweza kuifunika. Anaeleza, anaeleza. Kisha kapu likamkumbusha, kwa sababu gauni la mtoto lilikuwa bado limo.

"Wamesemaje, mama?"

"Wamenipa soda."

Alikuwa ameshika spana. Aliinama akaiweka chini kwenye mchanga, polepole, asiipigize.

Sasa gari liko uani kwetu, juu ya mawe. Injini ameifungua ameifunika kwa turubai, na kutoka kazini hapiti tena gereji, anakaa tu mlangoni kwake. Baba mkwe bado hajatuma mtu wa habari za ng'ombe. Atatuma. Lile jike jeusi lilikufa zamani, itabidi watafute wengine wa kusimama mahali pake, wasio na majina.

Asubuhi ya Jumapili ile nilitoka kufagia nikakuta ameiosha filta kwa sabuni, ameianika kwenye kamba ya nguo, kaibana na vibanio viwili, mahali mkewe alipokuwa akianika za watoto. Ilikuwa inadondosha maji bado. Nikafagia kuizunguka.